Utao wa Mennea: Uhakiki wa Fani katika Mita 200

Mshororo wa shairi la arudhi hukatwa vipande viwili, ukwapi na utao. Ukwapi hufungua hoja na kutua kwenye kina cha kati. Utao huipokea hoja hiyo na kuifikisha kwenye kina cha mwisho. Malenga anaweza kuwa hodari wa ukwapi na mnyonge wa utao, au kinyume chake, na sikio lililozoea mashairi humtambua upesi. Mbio za mita 200 nazo zina vipande viwili vya namna hiyo: nusu ya kwanza hukimbiwa kwenye kona, nusu ya pili kwenye sehemu iliyonyooka. Nataka kumsoma Pietro Mennea, Mwitaliano aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mbio hizo kuanzia 1979 hadi 1996, kama mtunzi wa utao. Naamini sifa zake na dosari zake zimo humo, katika mbio moja moja na katika miaka yake yote ya riadha.

Wahakiki wetu wamezoea kugawa kazi: huku fani, huku maudhui. Kwa mkimbiaji wa mbio fupi mgawanyo huo hauna pa kushika. Hana kisa cha kusimulia wala ujumbe wa kufumba. Alicho nacho ni namna anavyouweka mguu chini, namna anavyoinua goti, mahali anapotumia nguvu na mahali nguvu zinapomwishia. Yanayosemwa juu yake baadaye, kwamba alikuwa fahari ya kusini mwa Italia, kwamba alijitesa kwa mazoezi, kwamba magazeti yalimwita Mshale wa Kusini, ni maudhui ambayo watazamaji waliyasoma kutoka kwenye mwendo wake. Basi tuanze na mwendo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Mtazamaji akimwona mkimbiaji anatoka nyuma na kuwapita wenzake katika mita arobaini za mwisho, husema kwamba ameongeza kasi. Hajaongeza. Binadamu anayekimbia kwa nguvu zote hufikia kilele cha kasi yake baada ya mita hamsini au sitini hivi, na muda si mrefu huanza kuipoteza, mwanzoni kwa kiasi kisichoonekana, baadaye kwa wazi. Kufikia mita hamsini za mwisho za mita 200, kila aliyemo mbioni anapunguza mwendo, awe bingwa au wa mwisho. Anayeonekana kuchomoka ni yule anayepungua polepole kuliko wengine. Jicho linadanganywa, na udanganyifu huo ndio uliojenga sifa ya Mennea. Ubingwa wake ulikuwa wa kutopungua.

Kona nayo ina masharti yake. Anayekimbia huku anapinda hutumia sehemu ya nguvu zake kuuzuia mwili usitupwe nje, na kadiri mpindo ulivyo mkali ndivyo gharama inavyopanda. Katika uwanja wa kawaida, njia ya kwanza hupinda kwa nusu kipenyo cha mita 36 na ushee, ilhali ya nane hufikia kama mita 45. Kwa hesabu hiyo njia ya nane ni nafuu kwa miguu. Ila anayepangiwa huko hulipa kwa macho: kwa kuwa duara la nje ni refu, huwekwa mbele ya wenzake wakati wa kuanza ili umbali ulingane, naye hukimbia kona nzima bila kumwona mshindani hata mmoja. Hana wa kumfuata na hana wa kumpima. Tutarudi kwenye njia hiyo ya nane.

Italia ilishakuwa na bingwa wa mita 200 kabla ya Mennea, na kumweka kando yake kunaonyesha wazi tofauti ya fani. Livio Berruti wa Torino alishinda dhahabu ya Olimpiki jijini Roma mwaka 1960, mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuushinda umbali huo katika Olimpiki. Siku ya tarehe 3 Septemba alikimbia sekunde 20.5 katika nusu fainali, akiifikia rekodi ya dunia, kisha akarudia muda huohuo katika fainali. Alivaa miwani ya jua, na picha za siku ile zinaonyesha mtu ambaye hana ugomvi na mwili wake. Berruti alikuwa bwana wa kona: aliingia kwenye mpindo na kutoka akiwa mbele, na sehemu iliyonyooka ilibaki ya kulinda alichokwisha kupata, huku Mmarekani Lester Carney akimsogelea. Uzuri wa mbio zake umo katika ukwapi. Aliyemtazama hakuona kazi, aliona wepesi.

Mennea hakuwahi kumpa mtazamaji wepesi huo. Alizaliwa Barletta, mji wa pwani katika mkoa wa Puglia, tarehe 28 Juni 1952, mwana wa fundi cherehani. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana alishindana mbio za mita hamsini na magari barabarani ili apate fedha za sinema. Kisa hicho kinapendwa sana Italia, na kwa mhakiki kina kinaya: katika mita hamsini, mtu hulishinda gari kwa sababu gari huchelewa kuondoka, kumbe Mennea mkubwa alikuja kujulikana kwa udhaifu wa mwanzo. Mwili wake ulikuwa mwembamba, hauna misuli mikubwa ya kuusukuma kwa kishindo kutoka kwenye vibao vya kuanzia. Kocha wake, Carlo Vittori, aliyemnoa kwa miaka mingi katika kituo cha Formia, hakujaribu kumgeuza kuwa mtu wa kishindo. Alimpa wingi: marudio mengi ya mbio za kasi, siku baada ya siku, kwa kiasi ambacho wakimbiaji wengi wa mbio fupi wa zama zile wasingekubali. Lengo lilikuwa mwili uzoee kudumisha umbo lake pale uchovu unapoanza kulivunja.

Tazama picha zozote za Mennea katika mita thelathini za mwisho, utaona matunda ya kazi hiyo. Uso umekunjamana, shingo imekaza, lakini kiwiliwili kimesimama wima na magoti bado yanapanda. Wenzake kwa wakati huo huanza kukaa chini: nyonga zinashuka, mguu unagusa ardhi mbele mno ya mwili, na kila hatua inakuwa breki ndogo. Uso wa Mennea unasema amechoka. Miguu yake haijapata habari.

Fani hii haikukomaa kwa siku moja. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akiwa na miaka ishirini, alipata shaba nyuma ya Valeriy Borzov wa Umoja wa Kisovieti na Larry Black wa Marekani. Miaka miwili baadaye, mbele ya umma wa nyumbani Roma, akawa bingwa wa Ulaya wa mita 200, ila katika mita 100 Borzov akamwacha na fedha. Montreal mwaka 1976 ndiko fani ilikomkatalia: alimaliza wa nne kwa sekunde 20.54, Don Quarrie wa Jamaika akichukua dhahabu. Mtunzi wa utao ana hatari hiyo kila siku. Akiuacha ukwapi uwe dhaifu kupita kiasi, hakuna kina cha mwisho kinachoweza kuuokoa mshororo. Jibu lilionekana Prague mwaka 1978, aliposhinda mita 100 na mita 200 katika mashindano ya Ulaya. Dhahabu ya mita 100 haikumfanya mtu wa mita 100. Ilionyesha tu kwamba mwanzo wake umefikia kiwango ambacho mwisho wake unaweza kukifanyia kazi.

Kisha ikaja Mexico City, tarehe 12 Septemba 1979, kwenye michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu duniani. Sekunde 19.72. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa 19.83 ya Tommie Smith, iliyowekwa katika jiji hilohilo kwenye Olimpiki ya 1968. Smith, mtu wa hatua ndefu na mwenye uhakika wa ushindi, alikuwa ameinua mikono juu kabla ya kufika mstari; aliufunga mshororo mapema, akiwa bado na mizani mkononi. Mennea hakuacha kitu. Alikimbia mpaka mstari wenyewe, na wa pili, Leszek Dunecki wa Poland, alimaliza kwa 20.24, zaidi ya nusu sekunde nyuma yake. Kwa maana ya ushindani, mbio zile zilikuwa zimekwisha mapema. Alibaki mtu mmoja na saa.

Vipimo vinavyotajwa kwa mbio hizo ni sekunde 10.34 kwa mita mia za kwanza na 9.38 kwa mita mia za pili. Nusu ya pili huwa fupi kwa kila mkimbiaji, kwa sababu huingia akiwa tayari katika kasi, hana haja ya kuitikia mlio wa bastola wala kuamsha mwili uliotulia. Linaloeleza fani ni ukubwa wa pengo. Kwa Mennea ni sekunde 0.96. Tuchukue rekodi ya Usain Bolt ya mwaka 2009 Berlin, 19.19, ambayo hugawanywa 9.92 na 9.27: pengo ni 0.65. Halafu tuwaweke wawili hao pamoja. Bolt anamzidi Mennea kwa sekunde 0.53 kwa jumla, na kati ya hizo, 0.42 zinapatikana kwenye kona. Kwenye sehemu iliyonyooka tofauti ni 0.11 tu. Miaka thelathini ya maendeleo ya viatu, viwanja na mazoezi, pamoja na mwili wa Bolt ambao haukuwa na mfano, vilipata sehemu kubwa ya faida yake katika ukwapi. Utao wa mwana wa fundi cherehani wa Barletta ulikuwa tayari umekaribia upeo.

Hapa atasimama mpinzani na kutaja mwinuko. Mexico City ipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na upepo wa siku ile ulimsukuma kwa mita 1.8 kwa sekunde, chini kidogo ya kikomo halali cha 2.0. Pingamizi ni la haki, na linaigusa zaidi nusu ya pili, ambako kasi ni kubwa na upinzani wa hewa huongezeka. Kwa hiyo 9.38 isisomwe kana kwamba ilikimbiwa ufukweni. Lakini Smith naye alikimbia katika hewa hiyohiyo. Na tarehe 17 Agosti 1980 Mennea alikimbia sekunde 19.96 nyumbani kwake Barletta, kando ya bahari, pasipo mwinuko wa kumbeba. Mexico iliongezea fani yake chumvi, haikuipika.

Wiki chache kabla ya mbio hizo za Barletta alikuwa amekimbia shindano ambalo ndilo kazi yake bora, ingawa kwa muda halimo hata miongoni mwa mbio zake za kasi zaidi. Ni fainali ya Olimpiki ya Moscow, tarehe 28 Julai 1980. Alifika pale akiwa ameshindwa kuingia fainali ya mita 100, ambayo ilishindwa na Allan Wells wa Uingereza. Kura ikampa Mennea njia ya nane. Wells akapewa ya saba, nyuma yake na upande wake wa kushoto. Quarrie, bingwa mtetezi, alikuwamo.

Soma kona. Mennea anaondoka akiwa peke yake mbele ya macho yake mwenyewe. Mtazamaji wa televisheni anajua zaidi kuliko yeye. Wells, mtu wa misuli na mwanzo wa radi, anaanza kulila pengo la kuanzia mara moja, na kabla mpindo haujaisha ameshamfikia na kumpita. Katika mita 200 mtu wa njia ya nane akipitwa kabla ya kutoka konani, kwa kawaida habari yake imekwisha. Wanaingia sehemu iliyonyooka, Wells akiwa mbele kwa umbali unaoonekana bila kipimo, Quarrie naye akiwa mbele. Mshororo umefika kwenye kina cha kati na ukwapi ni mbovu.

Na hapo ndipo fani inapofanya kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu bastola ilie, Mennea ana mtu wa kumtazama. Upofu wa njia ya nane umekwisha kwa sababu amepitwa, na kupitwa kunampa kile ambacho kona ilimnyima: kipimo. Wells ameanza kulipa gharama ya mwanzo wake. Mabega yanapanda, hatua inakuwa nzito. Mennea habadiliki. Pengo linapungua hatua kwa hatua, si kwa mruko wala kwa shambulio, na mtangazaji wa televisheni ya Italia, Paolo Rosi, anarudia kitenzi kilekile tena na tena kwa kuwa hakuna kitendo kingine cha kueleza. Mstarini ni 20.19 kwa 20.21. Quarrie ni wa tatu kwa 20.29, Silvio Leonard wa Kuba wa nne kwa 20.30. Sehemu mbili za mia za sekunde, yaani 0.02, kwa mwendo ule ni kama sentimita ishirini. Mbio zingekuwa fupi kwa mita kadhaa, dhahabu ingekwenda kwa Wells. Ushindi haukuwepo mahali popote katika mbio zile ila katika silabi ya mwisho.

Wamarekani hawakuwepo Moscow, kwa kuwa nchi yao iliisusia Olimpiki hiyo baada ya Umoja wa Kisovieti kuivamia Afghanistan. Kenya nayo ilisusia. Wanariadha wa Italia walikwenda bila bendera yao, na Mennea alipanda jukwaani chini ya bendera ya Olimpiki. Je, thamani ya mbio inapungua? Thamani ya medali huenda ikabishaniwa. Lakini waliokuwepo walikuwa bingwa wa Olimpiki aliyetangulia na bingwa wa mita 100 wa siku chache nyuma, na kilichotendeka kati ya kona na mstari hakimhitaji asiyekuwepo ili kieleweke.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake mwenyewe kutoka uwanja uleule. Tanzania ilishiriki, na siku tatu baada ya Mennea, Filbert Bayi alikimbia fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa fani iliyo kinyume kabisa. Ni mtindo ule uliompa rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974: kwenda mbele mapema, kuliacha kundi, kuwalazimisha wengine waamue kama wana ujasiri wa kufuata. Moscow alijenga uongozi mkubwa, kisha Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia kwenye mzunguko wa mwisho na kumpita, Bayi akabaki na fedha. Si haki kusema fani moja ni bora kuliko nyingine kwa sababu moja ilipata dhahabu. Bayi alimwaga maana yote mwanzoni na kumfanya kila mtazamaji aishi na hofu mpaka mwisho. Mennea aliizuia maana hadi karibu isitoke kabisa. Wote wawili walikimbia kwa namna ambayo ungewatambua hata kama nyuso zao zingefichwa, na hicho ndicho kigezo cha mtindo.

Tukiondoka kwenye mbio moja na kuutazama mwenendo wa miaka yote, fani ileile inageuka kuwa swali. Mennea alitangaza kustaafu baada ya Moscow, akarudi. Mwaka 1983, katika mashindano ya kwanza ya riadha ya dunia jijini Helsinki, alipata shaba ya mita 200 akiwa na miaka 31, pamoja na fedha ya kupokezana vijiti vya mita 100 mara nne. Los Angeles mwaka 1984 alifika fainali yake ya nne mfululizo ya Olimpiki katika umbali huo, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake, akamaliza wa saba. Akaacha tena, akarudi tena. Seoul mwaka 1988 alibeba bendera ya Italia, akakimbia raundi ya mchujo na hakuendelea zaidi.

Hapa uhakiki lazima uwe mkali. Mtu aliyejua kuumaliza mshororo kuliko wote wa zama zake hakujua kuimaliza kazi yake. Baada ya 1980 kulikuwa na mahali pazuri pa kuweka nukta, naye akaweka mkato. Kanuni iliyomfaa kwenye sehemu iliyonyooka, kwamba wote wanapungua na anayeshinda ni anayepungua polepole, aliihamishia kwenye kalenda, na kalenda haina mstari wa kumalizia. Kila mwaka huleta mtu wa miaka ishirini ambaye hajaanza kupungua. Maisha yake nje ya uwanja yana alama hiyohiyo ya kutotaka kuacha: shahada kadhaa za chuo kikuu, kazi ya uwakili, kiti katika Bunge la Ulaya kuanzia 1999 hadi 2004, vitabu vingi. Alifariki Roma tarehe 21 Machi 2013, akiwa na miaka 60.

Rekodi yake ya dunia ilisimama hadi tarehe 23 Juni 1996, Michael Johnson alipokimbia 19.66 jijini Atlanta. Ile 19.72 imebaki kuwa rekodi ya Ulaya hata katika kizazi cha viatu vya kisasa. Rekodi ya Italia ya mita 100, 10.01 aliyoiweka Mexico siku chache kabla ya ile kubwa, ilisubiri hadi 2018 kuvunjwa na Filippo Tortu kwa 9.99. Lakini ningekuwa mhariri wa kazi zake, nikapewa kalamu nyekundu, ningesita. Seoul na nafasi ya saba ya Los Angeles zinaonekana kama beti za ziada. Tatizo ni kwamba mtu ambaye angekubali kuzifuta ni mtu ambaye angekubali, akitoka konani njia ya nane akiwa amepitwa, kwamba mbio zimekwisha. Mtu huyo asingepata shaba ya Helsinki, wala asingepata dhahabu ya Moscow. Beti za ziada naziacha zilipo.